Chai ya Mpakani

Bitutu wa Itumbe hakuwa mtu wa kupokea zawadi kabla ya kuipindua aone chini pana nini. Tangu mumewe Nyangau afariki, alimshuku kila mtu, na zaidi ya wote Ogeto, mdogo wa marehemu, ambaye shamba lake la majani chai lilipakana na la Bitutu.

Sasa bintiye Kemuma alikuwa amerudi kutoka chuo na kichwa kizito. Chuo kilimtaka achague kozi kabla likizo haijaisha: uuguzi au upimaji wa ardhi. Leo hii, kesho ile. Ogeto alipopata habari, alifika na mkungu wa ndizi begani.

"Shemeji, huyu mtoto asome uuguzi," alisema. "Atutibu sisi wazee."

"Kwani upimaji una ubaya gani, baba mdogo?" Kemuma aliuliza.

Loo! Ogeto alitupa jicho mpakani, kisha akainamia kikombe chake. "Hauna ubaya. Lakini uuguzi ni bora."

Jumapili akaja tena. Jumatano tena, na ndizi nyingine. Bitutu hakuzaliwa jana. Tangu lini mtu akahangaikia hivyo masomo ya mtoto wa mwenzake? Anayemwogopa mpimaji ana kipande cha watu alichokula. Kikulacho ki nguoni mwako!

"Utasoma upimaji," akamwambia bintiye. "Na ukishajua kupima, utaanzia hapa nyumbani."

"Lakini mama, mimi bado sijaamua..."

"Umeshaamua."

Mwaka wa tatu Kemuma alirudi na ramani na vifaa vya kupimia. Bitutu akavaa nguo ya kanisani, akamwita Ogeto aje ashuhudie aibu yake mwenyewe. Kemuma alipima, akalipita jiwe la mpaka, akaingia ndani ya chai ya mama yake, mstari wa kwanza, wa pili, hadi wa nne. Hapo akachimba. Jembe likagonga chuma walichozika wapimaji wa zamani.

"Mama, mpaka uko hapa. Jiwe lilihamishwa."

Bitutu aliikumbuka vizuri mistari ile minne. Nyangau aliipanda kwa mikono yake, mwaka ambao Ogeto alikuwa kazini Mombasa. Aibu ikamshika, asijue pa kuweka macho.

"Ulijua," akamwambia Ogeto.

"Alikuwa ndugu yangu. Sikutaka mtoto aje amjue baba yake hivi." Akamgeukia Kemuma. "Fukia, mwanangu, twende tunywe chai."

Kemuma alishika jembe, akimtazama mama yake.

"Usifukie," Bitutu alisema.