Komeo Nyuma ya Mtu wa Kofia

Jirani yangu hapa Pangani ya Kibaha, fundi cherehani, huziita kazi zangu majeneza ya panya. Kwa umbo hakosei sana. Behewa la mizigo la zamani ni sanduku refu lenye paa lililobinuka kidogo, na ukilitengeneza kwa kipimo cha moja kwa thelathini, panya mkubwa anaweza kulazwa humo kwa heshima zote. Nimemweleza mara nyingi kwamba hayo ni mabehewa ya reli ya zamani ya kati, kwamba kila ubao una mahali pake, na kwamba ribiti, zile pini za kuungia chuma, nazibonyeza moja moja kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino, kwa nyuma ya bati la kopo la dawa ya mbu. Hunisikiliza mpaka mwisho, kisha huuliza:

"Na marehemu anaingilia wapi?"

Hajui kwamba hilo ndilo swali lililonisumbua kuliko yote. Mlango.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Habari za reli nimejifundisha mwenyewe, kwa picha ambazo watu wa mbali huziweka mtandaoni, kwa wastaafu wasiochoka kusimulia, na kwa kupima chochote kilichokubali kutulia. Nina sharti moja tu: nisichokiona au kukipima sikitengenezi. Sharti hilo limenipa mabehewa kadhaa yenye ubavu mmoja, kwa sababu wapiga picha wa zamani walipenda upande wenye jua, na upande wa pili hakuna aliyeuona wa maana.

Kwa aina moja ya behewa, lile la fremu ya chuma na ubavu wa mbao, nilikuwa na picha moja safi sana. Ungeweza kuhesabu mbao. Lakini mbele ya mlango amesimama mtu mwenye kofia, mikono kiunoni, na tumbo lake limefunika mahali hasa palipo na komeo. Sijui alikuwa nani wala cheo chake. Bila shaka alidhani picha ni yake. Nimemtazama mtu huyo kuliko ninavyotazama picha ya harusi yangu, na mke wangu amelisema hilo mbele ya wanakwaya wenzake.

Behewa langu la aina hiyo lilikaa kabatini muda mrefu, limekamilika kila kitu isipokuwa komeo. Mke wangu alishauri nitengeneze komeo lolote.

"Nani atajua?" aliuliza.

"Mimi."

"Basi weye na yule mwenye kofia mmeoana," akasema, akarudi kwenye sufuria zake.

Kisha mteja mmoja wa Mlandizi, nikiwa nimeinamia pampu yake, aliniambia kuna bibi mmoja kule Mzenga anafugia kuku ndani ya treni. Nilimwomba arudie. Alirudia, akaongeza kwamba lile dude lina mbao ubavuni na chuma kwenye kona. Siku hiyo pampu yake niliifunga haraka kuliko inavyostahili, na bado inafanya kazi.

Nilikwenda kwa bodaboda, nimebeba futi kamba, brashi ya waya na maji ya kunywa. Nyumba niliipata bila shida, maana kila niliyemwuliza alijua "kwa bibi wa treni". Behewa lilikuwa nyuma ya nyumba ya udongo, kati ya mikorosho, limekaa juu ya mawe bila magurudumu, limepakwa rangi ya kijani. Marehemu mume wa bibi alifanya kazi kwenye genge la kutengeneza reli, na behewa lilipokwisha kazi alilileta kwa lori kutoka upande wa Ruvu, likawa ghala. Kando yake kulikuwa na msingi mpya wa tofali.

Bibi alikuwa amekaa mkekani akibangua korosho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Kibaha, Pangani."

"Hapo ni unakokaa. Nimekuuliza unakotoka."

Nikasema mimi ni Mnyamwezi, kwetu ni Tabora. Bibi akaweka korosho chini, akapiga makofi.

"Lo! Mtani wangu! Miye nakaa na ghala miaka yote, kumbe Mnyamwezi ananitafuta aje anibebee!"

Kila Mzaramo na kila Mnyamwezi anajua utani huu ulikoanzia, na anajua wajibu wake: ukirushiwa neno, unarudisha, na mtani akichukua chako hununi, unachukua chake. Mimi nimezaliwa ndani ya mila hii na sijawahi kuiweza. Nikitaniwa, hutoa maelezo.

"Sikuja kubeba, Bibi," nikasema. "Nimekuja kupima behewa."

"Kupima! Babu zenu walibeba pembe kichwani mpaka pwani, wakarudi na vitambaa. Likaja hili dude, likawanyang'anya kazi. Sasa umekuja kupeleleza limewezaje?"

Nikamweleza kwamba kihistoria reli haikuondoa upagazi mara moja, ilikuwa jambo la hatua kwa hatua. Bibi alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyechelewa kusema.

"Haya," akasema. "Mnyamwezi hapimi kabla hajabeba. Magunia yapo ndani. Yatoe."

Niliyatoa, pamoja na kuku waliokuwa wakiatamia juu yake, ambao hawakuupenda utafiti. Halafu nikapima. Habari mbaya zilikuja moja baada ya nyingine. Paa halikuwa lake, lilikuwa bati la nyumba. Sakafu ilikuwa ya mbao za mwembe. Ukuta wa nyuma ulitoka kwenye behewa la aina nyingine, na ubavu wa kushoto ulikuwa umezibwa kwa vipande vya masanduku. Nilikwisha kukata tamaa nilipofika mlangoni, nikasugua rangi ya kijani kwa brashi, kisha nyekundu iliyokuwa chini yake, kisha nyeusi. Likatokea komeo: chuma kizito kilichopinda kama shingo ya bata, kikilala ndani ya kishikizo chake, na pembeni namba imegongwa. Nikaenda kwenye kona ya fremu, nikasugua. Namba ileile: komeo na fremu vilikuwa pamoja tangu kiwandani.

Nadhani nilisema kitu kwa sauti, maana bibi aliuliza kama nimeumwa na nge.

Ndipo nyuma yangu sauti ikauliza, "Wewe ni wa mambo ya kale?"

Alikuwa mwanawe, mtu wa rika langu, amekuja kutoka mjini kuangalia msingi wake. Alitazama futi kamba, akatazama brashi, akatazama sehemu iliyosuguliwa. Nilimwambia mimi ni fundi pampu. Jibu hilo halikumtuliza hata kidogo.

"Sikiliza, mkubwa mwenzangu," akasema. "Kwa mjomba wangu walikuja watu na kamba kama hiyo, wakapima kaburi la zamani. Baada ya kamba kikaja kibao cha serikali. Baada ya kibao, mjomba hawezi kuchimba hata choo. Mimi namjengea mama nyumba. Kama hili dude ni kitu cha thamani, niambie leo, nilikate kabla hawajaja. Kama ni takataka, basi ni takataka za mama, akae nazo."

"Hulikati," bibi akasema. "Mahindi yangu yatalala wapi? Kwenye sebule yako ya vigae?"

"Mama, nasubiri mtaalamu aseme."

"Mtaalamu! Huyu? Huyu ni mpagazi!"

Nikasema ninahitaji muda wa kulinganisha na picha zangu. Tukakubaliana Jumapili. Bibi alinisindikiza mpaka njiani, na kwa mara ya kwanza hakutania. Alisema mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, na kwamba kati ya vitu vyote alivyowahi kuahidi kumletea, hicho ndicho kilichofika.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Kwa miaka nilikuwa natafuta komeo halisi, nimelipata, na sasa likijulikana kuwa halisi litakatwa. Kama lingekuwa la bandia, lingeishi.

"Sema ni kopo," akasema mke wangu.

"Si kopo."

"Paa lake?"

"Paa si lake."

"Sakafu?"

"Ya mwembe."

"Ukuta?"

"Wa behewa jingine."

"Basi nenda ukaseme hayo. Huko kusema kwako kila kitu mpaka watu wasinzie, leo kumepata kazi."

Sikupenda alivyoliweka jambo hilo, lakini sikupata kosa ndani yake.

Jumapili, baada ya ibada, nilikwenda Mzenga na behewa langu ndani ya boksi, nimelifungia kwenye kanga ya mke wangu. Nilijiambia nalipeleka kwa ajili ya kulinganisha vipimo. Ukweli ni kwamba nilitaka mtu mmoja alione karibu na mwenzake, hata kama mtu huyo ni kuku.

Mwana wa bibi alikuwa ameweka viti. Nikaanza. Nilieleza tofauti kati ya paa lililobinuka na paa la bati la nyumba. Nilieleza unene wa mbao za sakafu unaotakiwa na unene uliopo. Nilieleza jinsi ukuta wa nyuma unavyojisaliti kwa mashimo ya ribiti yasiyo na ribiti. Nilionyesha kwenye behewa langu, kisha kwenye lile la bibi, kisha kwenye langu tena. Kila neno lilikuwa kweli. Mwana wa bibi alianza kusugua macho.

"Kwa kifupi?" akasema.

"Kwa kifupi, limeungwaungwa. Mtu wa mambo ya kale akiliona, atasikitika."

Akacheka kwa raha. Nikadhani yamekwisha. Akasimama, akapita mlangoni, akaona pale nilipokuwa nimesugua.

"Na hili je? Komeo. Lina namba."

Mimi husema kipimo kama kilivyo, hata kikiwa kinanikera. Nilifungua mdomo, na nina hakika kilichokuwa kinakuja ni ukweli wote pamoja na maelezo ya namba.

"Hilo?" bibi akadakia kutoka mkekani. "Hilo lilitengenezwa na Mnyamwezi. Ndiyo maana halifungi mpaka ulipige teke!"

Mwanawe akanigeukia. Bibi pia. Alikuwa ameacha korosho, na macho yake hayakuwa yakicheka hata kidogo. Alikuwa amerusha neno, na neno lilikuwa hewani likinisubiri.

"Halifungi," nikasema polepole, "kwa sababu tangu lifike kwa Wazaramo halijaona kitu cha kufungia."

Bibi akajipiga mapaja, akacheka mpaka kanga ikamvuka kichwani, na mwanawe akacheka kwa sababu mama yake anacheka. Niliona joto masikioni. Katika umri wangu huu, huo ulikuwa utani wangu wa kwanza uliokubaliwa na upande wa pili.

"Takataka," mwana akasema, akilipiga behewa kofi la ubavuni kama mtu anayemuaga punda. "Kaa nazo, mama." Akaenda kuangalia tofali zake.

Nilianza kukunja kanga. Bibi akanyoosha mkono, akalitwaa behewa langu, akaliweka mapajani.

"Hili nimelichukua."

"Bibi, hilo bado. Halina komeo. Na rangi yake haitakiwi kushikwa na—"

"Nimelichukua, mtani."

Alilifungua mlango kwa kidole, akachungulia, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefika nyumba ya kupanga na kuikuta inafaa. Akavuta bakuli la mbegu za choroko, za kupanda mvua zijazo, akazimimina ndani kwa kiganja mpaka zikafika usawa wa ubao wa tatu. Kwa kuwa mlango haukuwa na cha kuufunga, alichuma mwiba wa mlimau, akauchomeka pale komeo lingekaa. Ulikaa vizuri sana. Nilitaka kumwambia kwamba mwiba huo, kwa kipimo cha moja kwa thelathini, ungekuwa mkubwa kama mguu wa ng'ombe. Nikakumbuka wajibu wangu. Nikainuka, nikamkamata kuku mweupe aliyekuwa karibu, nikamtia ndani ya boksi.

"Huyo ndiye anayetaga!" bibi akapiga kelele.

"Najua. Nilipima."

Alicheka tena, na nikaondoka kabla sijaharibu kwa maelezo.

Mke wangu alifungua boksi, akamwona kuku, akaniangalia.

"Behewa?"

"Linafanya kazi."

Nimeanza jingine. Kwenye kikundi cha mtandaoni ambako watu wa nchi mbalimbali hubadilishana vipimo vya mabehewa, niliandika maelezo kamili ya aina ile, na kwenye komeo nikaandika: halijulikani. Mwanachama mmoja wa mbali alinipongeza hadharani. Alisema ni nadra siku hizi kupata mtafiti mwaminifu, anayekubali kuacha pengo pale asipokuwa na ushahidi. Kuku alikuwa akitaga wakati nausoma ujumbe huo.

Nyumba ya bibi imekwisha sasa, ina sebule ya vigae, na hakuna aliyekuja na kibao. Mahindi yanalala kwenye behewa. Yeye pia, nimesikia, siku za joto hulala huko.