Mbolea Yetu Ilivyoteremka Bwawani

Juzi, nikisubiri basi Msamvu, nilifungua bomba ninawe uso, maji yakanijia na harufu ya majani yaliyovunda. Wenzangu walinawa wakaenda zao. Mimi nilibaki nimekinga viganja, nikinusa, hadi konda akapiga kelele kwamba gari linatoka. Nikaliacha litoke. Unanijua, rafiki yangu, sikai mahali. Lakini siku hiyo miguu ilinirudisha Mlali, ambako sijalala tangu tumzike bibi.

Bibi, mzaa mama, ndiye aliyenilea huko, kwenye makabichi yaliyoupanda mlima kama ngazi. Shule niliiacha darasa la tano, maswali hayakuniacha. Kazi yangu ilikuwa mbolea: kizibo kimoja cha soda kwa kila shina. Tuliiweka juu ya udongo tukiona wingu limeketi kileleni, ili mvua ituyeyushie, nasi tupone kubeba ndoo. "Mvua ni kibarua asiyedai chai," bibi alisema, na majirani wote walifanya hivyo. Mvua ikikata, nilirudi shambani nikakuta mashina mengi hayana hata punje moja ya mbolea, na vijifereji vimechimbika kuelekea mkondo wa chini ya shamba. Zimekwenda wapi?

Siku moja nikaufuata mkondo. Niliteremka nao kutwa, gauni likiwa limelowa hadi magotini. Ulipokea vijito vingine, kila kimoja kikitoka kwenye kabichi za mtu, hadi bwawani alikovua mama mdogo, binti wa mwisho wa bibi. Pale mto ulipoingilia, maji yalikuwa na utando wa kijani mzito, unaonuka majani yaliyovunda. Kwingine yalikuwa meupe bado. Nilisimama nikatazama, nikaelewa punje zetu zilikoishia. Mama mdogo alinikaangia perege, akanikamulia ndimu, nami sikumwambia neno.

Msimu uliofuata mvua ilikuwa ya kuangusha mawe. Kisha likaja jua kali. Asubuhi moja mama mdogo akapanda mlima na beseni kichwani, akalitua mbele ya bibi. Perege walikuwa wamelala kwa mamia, midomo wazi.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea kitoweo."

"Marahaba. Mbona kinanuka?"

"Wamekosa pumzi. Bwawa limekuwa kijani kama mchicha. Wewe unalima huku, majani yanaota kwangu."

"Mimi nalima kabichi. Sijamkaba samaki wa mtu."

"Mama, ngojeni mvua kubwa zipite ndipo mweke mbolea. Msiponisikia nauza nyavu, naondoka. Kule hakuna tena cha kuvua."

Bibi akanigeukia. "Haya, wewe mpekuzi wa kila kitu. Mbolea yetu inafika huko?"

Nilimwona bibi, mikono imepasuka kwa jembe. Nilimwona mama mdogo, macho mekundu. Kumkana bibi mbele ya beseni lile sikuweza.

"Sijui," nikasema.

Mama mdogo akaliinua beseni, akashuka. Hakuaga.

Masika mengine yalipokaribia kwisha nilimkuta bibi akichimba kishimo kando ya kila shina, anatia mbolea, anafukia. Mvua kubwa zilikuwa zimeshapita. Majirani walimcheka: bibi anazika kabichi zikiwa hai! Nilimuuliza nani kamfundisha.

"Niliteremka mwenyewe," akasema. "Siku mbili, na mguu huu mbovu. Nikayaona maji."

Alikuwa amefika bwawani nyumba ya mama mdogo ikiwa tupu. Jirani alisema ameelekea Kilombero. Wengine walisema mbali zaidi. Bibi aliendelea kufukia mbolea misimu yote iliyobaki, akiuliza kila mpita njia kutoka bondeni kama amemwona bintiye.

Sasa ngazi zile zimemomonyoka na shamba wanalima watu nisiowajua. Nimezunguka mito mingi, nimelala kwenye vijiji ambavyo sikumbuki hata majina, na kila ninapofika kwenye maji, wavuvi hudhani nataka samaki. Ninauliza habari za mwanamke mmoja. Nina jibu nililomnyima mbele ya beseni, nimechelewa nalo.