Gunia Begani, Mkanda Kichwani

Jua halijakausha umande, na Marie-Louise Misenga ameinama ukingoni mwa mto, upande wa mtaa wa Alunguli. Gunia la mchele liko mgongoni mwake. Mkanda wa gome la mti umelizunguka gunia na kupita kwenye paji la uso wake. Anavuta pumzi, anainuka, anaupanda ukingo wa udongo bila kusita.

"Kichwa njo kinabeba," anasema akifika juu, akijifuta jasho. "Mikono iko pale kusaidia tu."

Ni mama wa watoto wanne, umri umepita arobaini. Hulipwa franga elfu moja kwa gunia, na mvua ikinyesha hata hiyo haipati. Ndiyo maana ghala moja jipya lilipotangaza kazi ya uchukuzi yenye mkataba na matibabu, alikuwa wa kwanza langoni.

Mtihani ulikuwa mmoja: kubeba gunia la kilo hamsini begani, kutoka kwenye lori hadi ndani ya ghala. Misenga akatoa mkanda wake. Vijana kwenye foleni wakaangua kicheko.

"Kamba hapana, mama," akasema Félicien, msimamizi wa ghala. "Hapa ni bega."

"Shefu, unatafuta mutu wa kufikisha muzigo, ao unatafuta bega?"

Félicien akageukia orodha yake. Jina lake likafutwa kabla hajaligusa gunia, na wanawake wanne waliokuja na mikanda yao wakarudishwa vivyo hivyo.

Iliuma, tena sana, kwa sababu ya namna alivyoujua mkanda huo. Baba yake alikuwa mtu wa Kasai, mfanyakazi wa reli. Kwao mizigo ilibebwa juu ya kichwa. Vita vilipofika na treni zikasimama, familia ilikimbilia kijiji cha Obokote, huko Lubutu. Misenga alikuwa na miaka kumi na sita watu wenye bunduki walipomkamata na kumtwika maboksi ya risasi. Mwanamke wa Obokote aliyekamatwa pamoja naye akabandua gome la mti njiani, akamfungia nalo mzigo kwenye paji la uso, akamnong'oneza: "Kwa mabega utakufa. Tembea na kichwa."

"Wale wa bunduki hawakunipima," Misenga anasema. "Hakuna hata mumoja aliuliza kama nitaweza. Sasa vita imeisha, ninaomba wanipime, wanakataa!"

Mtaka cha mvunguni huinama, na Misenga ameinama miaka mingi. Safari hii alikwenda wima hadi kwa mkaguzi wa kazi, Zéphirin Kalonji, naye akamwita Félicien.

Félicien hakuwa mtu mbaya. "Akivunjika shingo, nani atajibu kwa watoto wake?" aliuliza.

"Basi munganga wa hospitali apime kila mutu, mwanaume na mwanamuke," akasema Kalonji. "Lakini mutihani upime kazi. Kazi ni gunia lifike."

Félicien akakuna kichwa, kisha akakubali. Mtihani utarudiwa Jumatatu, na kila mtu atabeba kwa namna yake.

Misenga hana hakika ya kuchukuliwa. Asubuhi za baridi shingo humuuma, na amekusudia kumwambia daktari ukweli.

"Nikishindwa, nishindwe na gunia," anasema akiukunja mkanda wake. "Lakini kwanza, mwenye muzigo aniulize: 'Mama, utaweza?' Hilo swali, ninalingojea tangu Obokote."