Mtihani wa Sauti ya Chini

Nyumbani kwetu Shituru hakuna anayejua kunong'ona. Baba alifanya kazi miaka mingi karibu na mashine za kusaga mawe ya shaba, na alipostaafu masikio yake yalikuwa yamechoka kuliko mgongo. Daktari alimpa kifaa cha kusikia. Akakivaa siku chache, akasema kinamlilia kama mbu, akakifungia kabatini. Basi mama na sisi watoto tukazoea kusema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Tukiombana chumvi mezani, jirani anajua sombe yetu, yale majani ya muhogo, imepikwa vipi.

Kwa sauti hiyohiyo nilikwenda chuo kikuu. Mwaka wa mwisho nilichaguliwa, mimi na wenzangu wachache, kuingia programu ya heshima ya ufundi wa mawasiliano. Ni masomo ya ziada juu ya yale ya kila siku, na mwisho wake unasimama mbele ya jopo na watu wa nyumbani, unazungumza bila karatasi wala kipaza sauti. Ukipata distinction, yaani alama ya juu, umemaliza na heshima zako. Usipoipata, wanakushukuru kwa kuhudhuria, kama mtu aliyekuja msibani.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyofanya darasa zima liinamie mbele ili lisipitwe na neno. Siku ya kwanza nilipojitambulisha, aliziba masikio kwa sauti yangu.

"Mademoiselle, la voix! Hapa si ku usine."

Darasa likacheka, maana Shituru ni mtaa wa kiwanda. Kuanzia siku hiyo wenzangu waliniita King'ora cha Shituru. Nilikasirika wiki nzima, maana mimi hasira zangu ziko karibu, kisha nikaona afadhali kucheka nao. Lakini yule mama nilimpenda. Alitufundisha kupumua, kunyamaza kidogo kabla ya neno zito, kumwacha msikilizaji aje kwako badala ya kumfukuza kwa makelele. Nilifanya mazoezi bafuni hadi mama akagonga mlango.

"Weye unagonjwa? Mbona unasema ndani ya tumbo?"

Katika majaribio mawili ya kwanza nilinyimwa alama za sauti. Kabla ya mtihani wa mwisho mwalimu aliniita pembeni, akaniambia wazi: nikipiga kelele tena, nisiitazamie distinction. Niliapa kwamba Jumamosi ya mtihani nitasema kama maji ya mtungi.

Jumamosi yenyewe, baba alivaa koti lake la misa na mama kitenge kipya. Walichelewa, kwa kuwa baba alirudi nyumbani mara mbili kupiga kiatu rangi, wakakuta viti vya mbele vimejaa. Wakaketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Nilipowaona huko, nilitaka kuwasogeza mbele, lakini jina langu lilikuwa limeshaitwa.

Mada yangu ilikuwa siri: namna ya kuitunza katika nyumba isiyojua kunong'ona. Nikasimulia habari ya samaki. Shangazi alituletea samaki mkubwa kutoka ziwa la Tshangalele, na baba alimwona samaki huyo akiingizwa. Mama akataka kumficha kwa ajili ya wageni wa kwaya. Akatukusanya jikoni, akanong'ona kwa namna ya nyumbani kwetu: "Musiambie papa. Ile samaki ni ya bageni ya kesho." Kutoka ng'ambo ya ukuta, jirani akajialika: "Na minye, nikuye saa ngapi?" Mtaa mzima ukajua. Baba peke yake alikula bukari, ugali wetu, na matembele, akayasifu, na alipouliza habari za samaki, mama akamwambia pushi, paka wetu, amemla.

Niliisimulia vizuri. Sauti ilikuwa chini, imetulia, na kila pumziko lilikaa mahali pake. Ukumbi ukaangua kicheko, hata wanajopo. Mwalimu alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa furaha, na nikajua kwamba nimefika.

Ndipo nikamtazama baba. Alikuwa amemgeukia mtu wa kiti cha pembeni, akaona meno yake, naye akaanza kucheka. Alicheka kwa adabu, amechelewa, akipiga makofi ya mtu asiyejua anapiga kwa ajili gani. Habari ilikuwa yake, na katika ukumbi mzima yeye peke yake hakuwa nayo. Tulikuwa tumemficha samaki yule mara ya pili.

Nilijua kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikavuta pumzi, kama nilivyofundishwa, na kuitumia vibaya.

"PAPA!"

Mwanajopo mmoja aliangusha kalamu. Baba akainua kichwa.

"PAPA, ILE SAMAKI YA TSHANGALELE! PUSHI HAKUKULA! MAMA ALIFICHA, BALIKULA BANTU YA KWAYA!"

Nikamrudishia habari yote toka mwanzo, na jirani wa ukutani ndani yake. Baba alisikiliza akiwa ameinuka nusu kitini. Nilipomaliza, alimgeukia mama polepole.

"Weye! Ile pushi minye nilipiga na fimbo!"

Mama alijifunika uso kwa kitenge. Baba alicheka hadi akashikilia kiti cha mbele, na safari hii ukumbi ndio uliomfuata yeye. Nilishuka jukwaani. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hakika kwamba nimeanguka.

Jopo lilijifungia chumbani muda mrefu. Waliporudi, mwalimu alisoma matokeo kwa sauti yake ileile ndogo. Kwenye sauti, alisema, nimenyimwa alama, maana kanuni ni kanuni. Kwenye kumwangalia msikilizaji nimepewa zote. Kwa jumla nimepata distinction, chupuchupu. Wenzangu wakanirukia na poda ya pongezi, kama ilivyo desturi yetu, wakanimwagia kichwani hadi nikapiga chafya.

Kule nyuma baba alikuwa ameinuka, mikono yake imekaribiana, hajui apige makofi au anipe pole. Mama alifungua mdomo amwambie. Lakini mwalimu alikuwa ameshaweka karatasi mezani. Alipita katikati ya viti, akafika mlangoni, akasimama kwenye ncha za vidole karibu na sikio la baba, akapiga kelele hadi sauti ikampasuka:

"PAPA! MUTOTO YENU AMEPITA! NA DISTINCTION!"

Baba aliushika mkono wa mwalimu kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Nilisikia, mama," akasema. "Nilisikia."