Gari Lililoazimwa Kabla ya Kununuliwa

Gari letu lilianza kuazimwa kabla hatujalinunua. Halikuwa na tairi wala usukani. Lilikuwa fedha kidogo ndani ya debe chini ya kitanda, na tayari shemeji yangu alikuwa ameshalipangia safari. Nikikumbuka jambo hilo damu inanichemka mpaka leo, kwa hiyo mtanisamehe nikipandisha sauti.

Mume wangu ni fundi wa miwani. Anafanya kazi kwenye chumba cha nyuma ya duka, hakina dirisha, anasaga vioo kwenye jiwe linalozunguka huku maji yakilidondokea. Duka si lake. Mwenye duka anakaa mbele, anapokea fedha na sifa. Wenzake wamembandika jina la Taratibu, kwa sababu hasagi kioo mpaka mteja ameivaa ile fremu nzito ya majaribio, ile ya chuma inayopachikwa vioo vya muda tu. Mafundi wengine humsomesha mteja herufi za ukutani wakamaliza. Yeye humtoa nje na fremu hiyo usoni, watu wakamcheka barabarani.

"Tembea mpaka kwenye kona," humwambia. "Panda ile ngazi, shuka, kisha urudi uniambie kama kichwa kinauma."

Anasema kioo kikishasagwa hakirudi kuwa kizima. Ndivyo alivyo katika kila kitu. Hata mimi alinichumbia kwa muda mrefu mpaka mama yangu akaanza kuuliza kama kijana huyu amepotea njia.

Mimi ninakanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Mkate mnaokula asubuhi haukandwi asubuhi. Sisi tunaingia kazini giza bado limetanda, na nilikuwa nikienda kwa miguu. Msimu wa mvua uliopita, pale ukuta wa shule unapopakana na mtaro, vijana wawili walinikamata mkoba. Nami kwa ubishi wangu nikaung'ang'ania. Wakanisukuma mtaroni, mkono wa kulia ukavunjika kwenye kifundo. Ndani ya mkoba mlikuwa na aproni, kitambaa cha kichwa na sabuni. Nililala kwenye yale maji machafu nikiita watu, na dirisha moja lililokuwa na taa likazimwa taa. Hilo nalo sijalisamehe.

Mkono ulipounga, mume wangu akaanza kunisindikiza. Kila siku ananifikisha mpaka mlango wa kiwanda, anarudi nyumbani, anajimwagia maji, anakwenda dukani macho yakiwa mekundu. Siku moja alisinzia juu ya jiwe, akasaga kioo cha jicho la kulia kwa kipimo cha jicho la kushoto. Yeye, Taratibu! Mwenye duka alimkata kwenye mshahara, akamwambia akirudia atafute kwingine. Na mimi msimamizi wangu alikuwa ameshaniambia kwamba unga haumsubiri mtu, nikichelewa nafasi yangu ina watu. Kwa hiyo lile gari halikuwa fahari. Tulikuwa tunatafuta namna ya kubaki na kazi zetu, na mimi kubaki na mifupa yangu.

Mtaa wa pili alikaa mama mmoja mfamasia aliyekuwa akijiandaa kuhama. Alikuwa na gari dogo, kuukuu lakini limetunzwa. Alikubali tumlipe kidogo kidogo, ila alitaka jibu kabla hajafunga mizigo yake. Mume wangu leseni anayo tangu ujana wake, alipokuwa akisambaza magazeti. Mimi nilitaka tulichukue siku ile ile.

"Tutalivaa kwanza," akasema.

"Gari linavaliwa?"

"Tutaishi kama tunalo. Kila wiki tutatoa fedha ya mafuta, bima, matairi, fundi, na malipo ya mama mfamasia. Tutaziweka kwenye debe. Tukiishi kwa kinachobaki bila kukopa, tunalo. Tukishindwa, fedha zetu zipo."

Nilimcheka, lakini nilileta debe tupu la mafuta kutoka kiwandani. Tukalivaa hilo gari. Nyama tuliisikia kwa majirani. Viatu vyake vilipotoboka alikata kipande cha boksi akatandika ndani. Redio ilipokufa hatukuifufua. Ilikuwa shida, lakini shida yenye mwelekeo haichoshi sana, na kila mwisho wa wiki debe lilizidi kuwa zito. Niliona tunaweza. Nilishaanza hata kuchagua mahali pa kuliegesha.

Kisha mama mkwe wangu akaja kutusalimia, akaona tunakula mchuzi mweupe usio na nyama wala nyanya, akauliza kulikoni. Mume wangu hajui kumficha mama yake kitu. Mama naye hajui kumficha mwanawe mkubwa. Kesho yake shemeji akawa mlangoni, mikono ameipanua.

"Hongereni! Sasa ukoo una gari!"

Huyu shemeji ana duka la vifaa vya ujenzi na tumbo la kulishuhudia. Gari alikuwa nalo. Aliliendesha bila kulibadilisha oili mpaka likamfia, sasa liko nyuma ya nyumba yake juu ya mawe, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Wahenga walisema usikate kanzu na mtoto hajazaliwa. Shemeji yangu alikata kanzu, akaivaa, akaenda nayo matembezini. Alijua bado hatujalichukua, hata hivyo alianza kumpigia simu mdogo wake: keshokutwa nitakuwa na mzigo, wiki ijayo kuna mtu wa kumchukua. Mume wangu anajibu, "Sawa, kaka." Nami nikadhani ni maneno tu, maana gari lenyewe lilikuwa bado limeegeshwa kwa mwenyewe.

Siku moja nikataka fedha ya unga wa nyumbani, nikakuta mfuko umekauka.

"Fedha ya chakula imekwenda wapi?"

Alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Nimempeleka kaka sokoni."

"Kwa gari gani?"

Akaonyesha chini ya kitanda. "Hilo."

Nilikaa chini. Yule mwanamume, kila alipomwambia kaka yake sawa, alitoa fedha ya mafuta ya safari ile akaitia kwenye debe, kana kwamba kweli ameendesha. Mkwe wa dada yao alipelekwa hospitali kwa debe. Saruji ya shemeji ilibebwa kwa debe. Tumelala na njaa kwa ajili ya safari ambazo hata hazikufanyika!

"Una akili timamu wewe?" nikamfokea. Jirani alinisikia, na nilitaka asikie.

"Ndiyo kuvaa kwenyewe," akasema polepole. "Wangeomba, na mimi ningekwenda. Sasa tumejua. Gari tunaliweza. Kaka ndiye hatumwezi."

Nilikasirika zaidi kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa nimehesabu matairi, nikamsahau binadamu.

"Basi mwambie hapana."

"Mwambie wewe. Wewe una ulimi."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia mimi si mbwa wake wa getini, nibweke mimi, yeye apate sifa ya upole. Ukoo mzima uniite mchawi, yeye abaki mtoto mzuri wa mama! Nikamwambia kama neno hilo moja halimtoki, akamwambie mama mfamasia auze kwingine, na mimi nitarudi kupita mtaroni peke yangu. Siku zile tuliongea kwa "pisha" na "chukua" tu.

Jumapili mchana shemeji akaja na mama yao. Nikawamiminia chai, nikakaa kwenye kona, nikajiapiza kwamba siku hiyo mdomo wangu umeshonwa. Mume wangu alikuwa mezani akikaza skrubu ya miwani ya mama yake kwa kibisibisi chembamba.

Shemeji akapuliza chai. "Tupange mambo. Mkishalichukua, Jumatatu gari litampeleka mama kliniki. Ijumaa nitakuwa nalo mimi. Jumamosi arusi ya mpwa wetu, nimeshawaambia gari la maharusi lipo."

"Na mafuta?" mume wangu akauliza.

"Mafuta!" Shemeji akacheka mpaka chai ikamwagikia sahani. "Ndugu hawawekeani mita, bwana."

Ile skrubu ikamponyoka mume wangu, ikadondoka sakafuni. Hakuinama kuitafuta, aliweka kibisibisi mezani.

"Kaka," akasema, "gari ni la kumpeleka mke wangu kazini."

"Sawa, halafu?"

"Halafu linalala."

"Na mama je?"

"Mama tumemhesabu. Kila kliniki yake imo kwenye debe. Wewe tulikuhesabu, ukatushinda."

Shemeji akanigeukia mimi, kama nilivyojua atanigeukia. "Haya maneno umemfundisha wewe."

Kiapo changu kikaishia hapo. "Shemeji, mkono wangu ulipovunjika ulikuja kunipa pole. Ulikaa kwenye kiti hicho hicho. Ukaniambia nishukuru hawakuchukua roho, kisha ukaniomba nauli ya kurudia. Nami nilikupa, kwa mkono wa kushoto. Leo utarudi kwa miguu."

Akasimama. "Damu nzito kuliko maji," akamwambia mdogo wake, mate yanamruka. "Siku ukiwa na shida, usinitafute!"

"Sawa, kaka," mume wangu akajibu, kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Mama, twende zetu!"

Mama mkwe hakunyanyuka. Alikuwa ameinama anapapasa sakafuni, akaiokota skrubu, akaiweka mbele ya mwanawe. "Wewe tangulia," akamwambia mkubwa. "Mimi nasubiri miwani yangu."

Shemeji alipotoka, mlango ulibamizwa mpaka kalenda ikaanguka. Nilimtazama mume wangu. Niliona ameumia, na sikutaka kumwonea huruma, kwa sababu ile njaa nilikuwa bado naikumbuka.

"Haya," nikasema. "Tunalimudu au hatulimudu?"

"Ngoja," akasema. Akavaa vile viatu vyake vya boksi, akatoka. Nikamwona kupitia dirishani akitembea mpaka kwenye kona ya mtaa wetu, akapanda ngazi ya duka la pale, akasimama juu kidogo akiangalia upande alikoelekea kaka yake, akashuka, akarudi.

"Kichwa kinauma," akasema mlangoni. "Lakini naona."

Nikamwambia bado nina hasira naye, asije akadhani imeisha. Akasema anajua. Nikaingia chumbani, nikalivuta debe kutoka uvunguni, nikampa mikononi, nikamwambia alifikishe kwa mama mfamasia sasa hivi, kabla kaka yake hajapata nafasi ya kurudi kuomba msamaha na lifti.