Kitasa cha Chumba cha Mwisho

Fundi Vitasa hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimpa kitasa kilichokwama alikitegea sikio, akakohoa kidogo, kisha kikafunguka. Hapakuwa na mlango katika jengo lao ambao haukupita mikononi mwake.

Mwenye nyumba alikuwa mbali, kwa hiyo wapangaji walijitawala. Zamu ya maji, taa ya ngazi, saa ya kufunga lango, yote waliyaamua uani kwa kunyoosha mikono, Mwenyekiti waliyemchagua akihesabu. Fundi aliupenda utaratibu huo. Alizoea kumwambia mkewe kwamba humu hamna bwana, bwana ni sisi.

Ndivyo walivyoamua pia juu ya Mama Cherehani, mjane wa chumba cha mwisho, aliyekuwa akiongea peke yake. Walidai anawatisha watoto. Mikono ikapanda, wa Fundi ukiwemo. Mjane alipokwenda sokoni, vyombo vyake vikatolewa nje na Fundi akabadilisha kitasa.

Aliporudi alijaribu ufunguo wake taratibu, kama mtu anayedhani amekosea mlango.

"Watu wameamua, mama," Fundi akamwambia.

"Kwani mimi si mtu, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole tu, kisha akabeba cherehani yake, akaondoka. Hawakumwona tena.

Tangu hapo Fundi akawa anasikia ufunguo ukikwaruza mlango ule mtupu. Mkewe alisema ni panya. Lakini panya gani anatafuta tundu kwa subira namna ile?

Kisha wakaitana tena uani. Safari hii ilikuwa zamu ya Mpiga Rangi, mpangaji mwenzao, aliyesema mbele za watu kwamba Mwenyekiti anajipendelea kwenye maji. Anachafua jina la jengo, walisema, aondoke. Mikono ikapanda karibu yote.

"Fundi, mkono wako umelala?" Mwenyekiti akatania. "Uamshe, kaka, kesho una kazi."

Watu wakacheka. Fundi alikuwa akitazama chumba cha mwisho.

"Maji ni yetu sote, tuyaamue," akasema. "Mlango wa mtu si wetu. Sibadilishi kitasa."

"Watu wameamua."

"Na yeye ni mtu."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mafundi wako wengi mjini, na huyo watakayemleta ataanzia kwa Mpiga Rangi amalizie kwa Fundi. Akauliza nani anakubali. Mikono ikapanda tena, hata ya majirani ambao Fundi aliwafungulia milango walipopoteza funguo. Mpiga Rangi peke yake aliiacha yake mapajani.

Fundi alichukua bisibisi, akaenda chumba cha mwisho, akakifungua kile kitasa na kukitia mfukoni. Mlango ukabaki na tundu lake. Kisha akarudi kwake, akamweleza mkewe yote.

Mkwaruzo ukaanza, polepole, wenye subira. Ulikuwa kwenye mlango wao.

Mkewe akamshika mkono. Safari hii hakutaja panya.