Namba ya Bahari

Juzi nilimkuta mpwa wangu kafungua faili la mipangilio la gemu lake la kujenga miji, anabadilisha namba, na pua yangu ikajaa harufu ya tope la chumvi.

Kijijini kwetu Wingwi, nilipokuwa mdogo, kompyuta ya kwanza kuiona ilikuwa ya kaka yangu Hamadi, mwalimu. Ilinguruma kama mashine ya kusaga. Yeye alicheza gemu la vijiji na kilimo, na alasiri moja aliniita.

"Njoo uone, Raya. Namba hii ndiyo kimo cha bahari."

Akafuta tano, akaandika sifuri, akahifadhi faili. Gemu lilipofunguka upya, bahari ilikuwa imerudi nyuma, na mashamba yaliyozama yakaonekana makavu.

Bonde letu la mpunga lilikuwa limeingia maji ya chumvi tangu mvua zilipokatika. Nilikimbia peku mpaka bondeni, ambako mama alikuwa anang'oa mpunga uliogeuka manjano na kuutupa kwenye tuta.

"Mama, acha! Kaka kaishusha bahari!"

"Kaishushaje?"

"Kwenye kompyuta. Kaandika sifuri."

Siku hizi najua kwamba namba zile ziliamuru kijiji cha ndani ya kioo tu, na bonde lenyewe limeshaota mikoko. Siku ile niliamini, ila nilidhani mama atanicheka. Hakucheka. Aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja.

Akatema, akaendelea kung'oa.